Kapernaumu: tazama jiwe jeusi lililo chini ya jeupe

Mara ya kwanza nilipofika Kapernaumu, kijiji cha kale kando ya Ziwa la Galilaya, nilikuwa mhujaji kama wengine, kabla sijaanza kuongoza misafara. Aliyetutembeza alitusimamisha katikati ya nguzo nyeupe za sinagogi, akasema nguzo zile zilimsikia Yesu akifundisha. Mama mmoja wa kwaya yetu ya Mwanza akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, akalia. Nami nililia. Baadaye, nikiwa darasani, nikajifunza kwamba wataalamu wengi huziweka nguzo zile karne ya 4 au ya 5, yaani miaka 300 na zaidi baada ya Bwana kupaa. Nilimfikiria sana yule mama. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Ila alinyimwa kitu cha thamani zaidi, na kilikuwa pale pale, chini ya miguu yake.

Ndiyo maana siku ya Galilaya huwa naipanga kwa swali moja, na kila tunaposimama nawauliza mahujaji wangu: hiki tunachokitazama ni cha wakati gani?

Asubuhi tunaanzia Magdala, kijiji cha Mariamu Magdalene. Mwaka 2009, watu wakijiandaa kujenga nyumba ya wageni, lilifukuliwa sinagogi la karne ya 1. Humo lilikutwa jiwe lililochongwa kinara cha matawi saba, na lilichongwa hekalu la Yerusalemu likiwa bado limesimama. Pale swali letu hujibika upesi: ndiyo, ni cha wakati ule.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Ginosari, penye mashua ya kale. Mwaka 1986 ukame ulipunguza maji ya ziwa, na ndugu wawili wavuvi wakaiona mbao ikichungulia topeni. Mashua ina urefu wa mita 8 na kidogo, upana kama mita 2.3, na umri wake unaangukia karibu na siku za Yesu. Wapo wanaoiita mashua ya Yesu. Mimi siwafundishi watu hivyo, kwa sababu hakuna ajuaye ilikuwa ya nani. Nawaambia wasogee waangalie mbao. Mbao za ubavuni nyingi ni mwerezi, mataruma mengi ni mwaloni, lakini humo mmehesabiwa aina 12 za miti, nyingine dhaifu ambazo fundi mwenye hela asingezigusa. Ni mashua iliyotiwa viraka miaka na miaka na mtu asiyemudu mbao mpya. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria haelezwi mara mbili. Mzee mmoja wa msafara wangu, mvuvi wa siku nyingi, aliitazama kimya, kisha akasema, "Sasa namwelewa Petro aliposema tumeacha vyote."

Mchana tunakula samaki, anakaangwa mzima. Hapo watu wa Kanda ya Ziwa hushangaa: "Mbona huyu ni sato?" Si sato hasa, lakini ni wa ukoo mmoja, wenyeji humwita mushti. Hotelini watasema ndiye samaki wa Petro, yule aliyekutwa na shilingi mdomoni. Lakini soma Mathayo 17:27: Petro aliambiwa atupe ndoana. Mushti hula vijimea na vijidudu vinavyoelea majini, si wa ndoana, ni wa nyavu. Huenda Petro alivua samaki mwingine kabisa, wa jamii ya wenye sharubu. Muujiza haupungui hata chembe kwa kujua hivyo.

Ndipo Kapernaumu. Mawe ya kijiji hiki ni meusi, ya volkano, na nyumba zote zilijengwa kwayo. Sinagogi peke yake ni la mawe meupe ya chokaa, yaliyoletwa kutoka mbali. Sasa usibaki kwenye nguzo. Zunguka hadi kona ya kusini-magharibi, uiname. Chini ya jiwe jeupe utauona ukuta mweusi. Wengi wa waliochimba wanaamini hayo ni mabaki ya sinagogi la karne ya 1, na kama ni hivyo, ndilo lile ambalo wazee wa Kiyahudi walimwambia Yesu kuwa akida wa Kirumi aliwajengea. Huo ndio ukuta ambao ningetamani yule mama auguse.

Vyumba vya jirani navyo vinasomeka vizuri. Kuta zake ni nyembamba, za mawe yasiyochongwa, haziwezi kubeba paa la mawe. Paa lilikuwa boriti, fito na udongo. Mtu wa Dodoma aliyeijua tembe ya Kigogo anaiona habari ya Marko 2 mara moja: wale wanne walipanda juu, wakafukua udongo, wakatenganisha fito, wakamshusha mwenzao aliyepooza. Chini, watu walikuwa wakipangusa vumbi vichwani.

Chumba kimoja kilipigwa lipu zamani, na mahujaji wa kale wakakwaruza ukutani maombi na jina la Yesu. Karne ya 5 kikajengewa juu yake kanisa la pembe nane. Hapo ndipo wengi tunapaamini kuwa nyumbani kwa Simoni, yaani Petro. Tangu 1990 kuna kanisa jipya lililoinuliwa juu ya nguzo, na katikati ya sakafu kuna kioo cha kuchungulia.

Huwa namalizia kwa mwendo wa miguu. Tunasimama kwenye ule ukuta mweusi, mtu mmoja anasoma Marko 1:29, walivyotoka katika sinagogi wakaenda nyumbani kwa Simoni, ambako mkwewe alikuwa kitandani na homa. Kisha tunatembea kimya, wazee tukiwashika mkono. Haifiki mita 40. Jua likishazama, Sabato imekwisha, mji mzima uliwabeba wagonjwa wake ukaja kusimama hapa mlangoni, penye nafasi ndogo ambayo basi letu moja la watu linaijaza.