BBA LL.B. ya India ni kozi moja ya miaka mitano: yafahamu haya kabla hujalipa ada

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu za dawati letu la uhakiki wa vyeti vya nje hazipumziki. Mzazi anapiga: mwanangu amepata nafasi India, anakwenda kusoma BBA LL.B., yaani usimamizi wa biashara na sheria, shahada mbili kwa mpigo, tulipe? Huyo amepiga kwa wakati na tunamshukuru. Wanaotuumiza kichwa ni wale wanaokuja miaka mitatu au mitano baadaye wakiwa na malalamiko, wakati ada imeshaliwa na umri umekwenda. Malalamiko ya aina hiyo yameongezeka, ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze kwa kusema kwamba kozi hii ni nzuri. Mfumo wa kusoma sheria miaka mitano mfululizo kutoka sekondari ulipata nguvu India baada ya chuo kikuu cha kitaifa cha sheria kuanzishwa Bengaluru mwaka 1987 chini ya Profesa N. R. Madhava Menon. Hapo mwanzo sheria iliunganishwa na sanaa. Baadaye vyuo vingine vikaiunganisha na biashara, kikiwamo cha kitaifa cha Gandhinagar, kule Gujarat. Mihula ni kumi. Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi anasoma uhasibu, takwimu, masoko na fedha za kampuni sambamba na sheria za mikataba, madhara (torts) na katiba. Kadiri anavyopanda biashara inapungua na sheria inazidi: kampuni, kodi, ushahidi, mwenendo wa mashauri.

Faida yake utaiona siku ya kazi. Chukua kampuni iliyokopa benki ikaweka mali zake dhamana. Aliyesoma sheria peke yake ataisoma hati ya dhamana. Aliyesoma vyote viwili atafungua na hesabu za kampuni, aone kama mkopo huo umeingizwa kwenye mizania, atafute azimio la bodi lililouidhinisha, kisha aulize dhamana ilisajiliwa lini. Hapo kwenye usajili awe mwangalifu. Sheria ya Kampuni ya India ya mwaka 2013 imemfundisha siku 30, nasi kwetu Tanzania Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inatoa siku 42. Kijana anayekumbuka siku za India na kusahau za nyumbani atamharibia mteja wake.

Sasa nije kwenye shida.

Alikuja ofisini kijana mmoja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi sita za matokeo, muhula wa kwanza hadi wa sita, kila moja na muhuri wake. Masomo ya biashara amefaulu yote, tena kwa alama za kupendeza. Familia iliishiwa ada akiwa mwaka wa tatu, akarudi. Aliyempeleka alikuwa amemwambia kwamba hata akikwamia hapo, BBA yake anayo mkononi, kilichobaki ni sheria tu. Nilizipanga karatasi zile mezani moja baada ya nyingine. Cheti cha kutunukiwa shahada hakikuwamo, wala kisingeweza kuwamo. Kijana alinitazama kama mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Kanuni za Elimu ya Sheria za mwaka 2008, zilizotungwa na Baraza la Mawakili la India, zinaiita kozi hii shahada mbili zilizounganishwa. Watu wanalishika neno "mbili" na kuliacha neno "zilizounganishwa". Kanuni ya 13 imekataza mambo mawili waziwazi: kuingilia katikati kwa kisingizio kwamba tayari una shahada nyingine, na kutokea katikati kwa kupewa shahada moja iliyomegwa kutoka kwenye kozi. Kwa hiyo mwenye BBA au BCom ya nyumbani hapelekwi mwaka wa tatu wa BBA LL.B. Huyo ana njia yake, LL.B. ya miaka mitatu kwa waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza, na ni njia halali kabisa. Na anayeacha baada ya muhula wa sita anaondoka na karatasi za matokeo. Sisi hatuna uwezo wa kuipa hadhi ya shahada karatasi ambayo chuo chenyewe hakijaitunuku. Nimelieleza hili mara nyingi mno, na bado naambiwa tunawabania vijana.

Kabla ya kulipa chochote, chuo kipitishe kwenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni Tume ya Ruzuku ya Vyuo Vikuu ya India, UGC, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 1956, kifungu cha 22, ndiyo inayosema nani ana mamlaka ya kutunuku shahada. Tume hiyo hutangaza orodha ya vyuo bandia, na orodha iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Mlango wa pili ni Baraza la Mawakili lenyewe, lililoundwa na Sheria ya Mawakili ya mwaka 1961. Chuo kinaweza kuwa halali kwa biashara, uhandisi na famasia, kisha kikawa hakina kibali cha kufundisha sheria. Kibali hicho kinasomwa kwa makini. Angalia kimetaja kozi ipi, maana kibali cha BA LL.B. si kibali cha BBA LL.B. Angalia kampasi ipi. Angalia kinahusu miaka gani ya masomo, na kama mwaka wa kuingia mwanao umo. Angalia na idadi ya mikondo, kwa kuwa mkondo mmoja ni wanafunzi wasiozidi 60. Agosti 2025 Baraza lilisimamisha kwa miaka mitatu uanzishwaji wa vyuo vipya vya sheria, na vilivyopo haviruhusiwi kuongeza kozi wala mikondo bila ridhaa yake. Kwa hiyo ukisikia "kozi mpya kabisa, nafasi bado zipo", omba kuiona ridhaa hiyo kwa maandishi.

Wakala si msemaji wa Baraza la Mawakili. Akikutumia picha ya kibali kwenye WhatsApp, mwambie akutumie barua kamili, nawe uiandikie ofisi ya msajili wa chuo kwa barua pepe ya chuo chenyewe kuuliza kama ni ya kweli. Msajili asipojibu, subiri. Nafasi inayopotea kwa sababu umeuliza swali la halali haikuwa nafasi ya kukufaa.

Baada ya hapo ndipo taratibu nyingine zifuate. Cheti cha kidato cha sita kitahitaji ulinganifu, yaani uthibitisho rasmi kwamba kinalingana na cheti cha kule. Kanuni za 2008 zinataka angalau asilimia 45 kwa mwombaji wa kawaida, na daraja zetu hazisomeki kwa asilimia mpaka mtu azitafsiri kwa utaratibu rasmi. Hapa nyumbani, Mtanzania anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Wengi hukiona kama karatasi ya usumbufu, ilhali ni hatua inayokupa nafasi ya kuambiwa mapema kwamba chuo au kozi ina kasoro. Ukifika India na viza ya masomo ya zaidi ya siku 180, una siku 14 za kujisajili katika ofisi ya usajili wa wageni. Viza hiyo imeandikwa kwa jina la chuo, hivyo usihame chuo kimya kimya kwa sababu umepata cha bei nafuu. Utakuwa umejiweka nje ya masharti ya ukaazi, na hilo litakufuata hadi kwenye kuongeza muda wa viza.

Kozi yenyewe haisomwi kwa masafa wala kwa muda wa ziada. Kanuni zimeweka mahudhurio ya asilimia 70 katika kila somo. Mkuu wa kitivo anaweza kukubali 65 katika somo moja kwa sababu nzito, mradi jumla ya masomo yote ifikie 70. Suala la kumzuia mwanafunzi kufanya mtihani kwa kukosa mahudhurio limefika mahakamani kule, lakini mwanafunzi wa kigeni asijenge maisha yake juu ya kesi za wengine. Hudhuria. Mafunzo kwa vitendo ni wiki 20 katika miaka mitano, yamegawanywa yasizidi wiki nne mfululizo kwa mwaka. Yapo pia masomo manne ya vitendo yasiyokwepeka: uandishi wa hati na nyaraka za mashauri, maadili ya taaluma, usuluhishi, na mahakama ya mazoezi. Katika karatasi za matokeo, masomo hayo manne ndiyo huwa natazama kwanza.

Kuna dhana nyingine inayonishangaza zaidi: kwamba ukihitimu India unaweza kubaki huko ukawa wakili. Sheria ya Mawakili ya 1961, kifungu cha 24, inamtaka anayeandikishwa awe raia wa India. Raia wa nchi nyingine hufikiriwa pale tu ambapo nchi yake inawaruhusu raia wa India wenye sifa kufanya kazi ya uwakili. Na hata Mhindi mwenyewe, kuanzia waliohitimu mwaka wa masomo 2009/2010, hupita kwenye mtihani wa mawakili wa nchi nzima, mtihani ambao Mahakama ya Juu ya India iliuthibitisha Februari 2023. Panga safari yako ukijua kwamba utarudi.

Na ukirudi, shahada haikufanyi wakili. Kwanza TCU ihakiki na kuitambua tuzo yako. Kisha ujiunge na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wengi huiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukishahitimu hapo ndipo uombe kukubaliwa na kuandikishwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Zanzibar ina utaratibu wake wa mawakili. Mkenya ataanzia Baraza la Elimu ya Sheria, linalokagua kama masomo 16 ya msingi yamo kwenye karatasi zake, kabla hajaifikiria Kenya School of Law. Kwa mhitimu wa kozi iliyochanganywa na biashara hesabu hiyo ni ya kuangalia mapema, somo moja moja, akiwa bado na nafasi ya kuchagua masomo ya hiari.

Kwa Mtanzania kuna habari njema ambayo mawakala hawaijui. Sheria yetu ya Mikataba imefuata ile ya India ya mwaka 1872, na kifungu cha 10 cha India ukikisoma utakikuta kwetu kwenye namba hiyohiyo. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 na ya Mwenendo wa Madai ya 1966 nazo zina asili hiyo. Zuio la muda lililo kwenye Amri ya XXXIX ya mwenendo wa madai kule, kwetu liko Amri ya XXXVII. Ila tangu tarehe 1 Julai 2024 India imebadilisha sheria zake za jinai, mwenendo wa jinai na ushahidi, kwa hiyo anayesoma sasa anajifunza namba na mpangilio mwingine, na itabidi aisome yetu upya. Sheria zetu za ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, hatazikuta darasani huko hata kidogo. Na tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria na mahakama zetu ni Kiswahili. Nimeona wahitimu wazuri wanaotetemeka wakipewa kazi ya kuandika hati ya madai kwa Kiswahili. Likizo zako zitumie kwenye ofisi ya wakili hapa nyumbani.

Nigusie adhabu, kwa sababu wapo wanaoambiwa kwamba cheti cha "BBA ya miaka mitatu" kinaweza kutengenezwa. Kughushi nyaraka chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka saba. Anayeiwasilisha nyaraka hiyo akijua ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya, anastahili adhabu ileile kama aliyeitengeneza. Kusema "nilipewa na wakala" hakutakusaidia ikiwa ulijua kuwa hukuhitimu. Na asiyeandikishwa akijifanya wakili anavunja Sura ya 341, hata kama shahada yake ni halali.

Kwa walioko mwaka wa tano sasa hivi: msiondoke chuoni na cheti cha muda peke yake. Chukueni karatasi za matokeo za mihula yote kumi, pamoja na ile ya jumla. Ombeni muhtasari wa kila somo ukiwa umegongwa muhuri, na barua ya msajili inayosema kozi ilisomwa darasani, kwa Kiingereza, kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Ombeni nakala ya kibali cha Baraza la Mawakili kwa mwaka mlioingia, si cha mwaka mnaotoka. Ukiwa umesimama dirishani kwa msajili, mambo hayo yanaweza kukamilika ndani ya siku chache. Ukiyaomba ukiwa Mbeya au Kigoma, utakesha ukipiga simu ambayo anayeipokea hakujui tena.