Alisaini, sawa. Lakini alisaini lini?

"Alisaini." Ndilo neno la kwanza la mwenye jimu, mwenye farasi na mwenye boti za mpira kule Sagana, mteja akishavunjika mguu. Naam, alisaini fomu ya kuondoa dhima, ile karatasi inayosema mwenye biashara hatawajibika mteja akiumia. Lini?

Hapo ndipo fomu nyingi za kuondoa dhima zinapofia. Mteja anapiga simu Jumanne, anatajiwa bei, anatuma pesa kwa M-Pesa, anajibiwa "karibu Jumamosi". Mkataba umeshafungwa. Jumamosi anavalishwa jaketi la kuokolea, mguu mmoja uko ndani ya boti, ndipo anapopewa karatasi na kalamu. Masharti yamefika karamu ikiwa imekwisha! Mahakama za Uingereza zilisema hivyo mwaka 1949 kuhusu tangazo lililobandikwa ndani ya chumba cha hoteli (Olley v Marlborough Court), zikarudia 1971 kuhusu tiketi ya maegesho (Thornton v Shoe Lane Parking), na hoja hizo zina uzito hata hapa Kenya. Utaniambia saini si tangazo, na kwamba tangu 1934 (L'Estrange v Graucob) aliyesaini hufungwa hata kama hakusoma. Kweli. Lakini kuubadili mkataba kunadai kitu cha kubadilishana, na Jumamosi mteja amepata nini ambacho hakukilipia Jumanne?

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi: tuma fomu kabla ya namba ya malipo. Andika kwamba nafasi haijathibitishwa mpaka fomu irudi.

Halafu kuna fomu za kunakili, nyingine zinataja hadi sheria ya Uingereza ya 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki. Sheria hiyo inakataza kabisa kukwepa dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe. Nayo si sheria ya Kenya. Sheria za jumla tulizorithi kwao zinakomea 12 Agosti 1897. Umeiga sheria isiyokuhusu, na ingekuhusu ingekuchinja.

Zetu ni mbili, na hazipatani vizuri. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya mwenye mahali kwa wageni wake, inamruhusu kuupunguza wajibu wake kwa makubaliano, kadiri alivyo huru kufanya hivyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema haki za mtumiaji hazifutwi kwa makubaliano. Ipi inashinda? Ontario, Kanada, ambako sheria ya watumiaji inafanana mno na yetu, Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi wenye viwanja vya kuteleza thelujini, waliotegemea fomu kama hizi, mwaka 2018. Jaji wa Nairobi, akiwa na Ibara ya 46 ya Katiba, ile ya haki za watumiaji, mkononi, huenda akaamua kinyume. Mimi singeweka biashara yangu rehani kwa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo itumie fomu kama onyo. Sura ya 34 inasema onyo peke yake halikuokoi, ila liwe la kutosha kumfanya mgeni awe salama. "Shughuli hii ni hatari" haimwokoi mtu. "Boti hupinduka kwenye maporomoko, usisimame, elea kwa mgongo, miguu mbele" inamsaidia. Ukitaka kugusa uzembe, taja neno "uzembe". "Hatutawajibika kwa lolote" husomwa kwa jicho kali dhidi yako. Hata hivyo, mteja alikubali hatari ya mto. Kamba yako iliyochakaa hakuikubali.

Watoto: saini ya mzazi ni ruhusa ya kushiriki. Siamini kwamba inamnyang'anya mtoto dai lake. Muda wa kudai fidia ya jeraha ni miaka 3, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa akitimiza 18. Fomu ya mtoto wa miaka 9 itunze angalau miaka 12, pamoja na daftari la ukaguzi wa vifaa la siku hiyo.