Je, wajua kwa nini watu hukoroma, na kwa nini tiba ya mmoja haimfai mwingine?

Katika nyumba nyingi, mtu anayekoroma husemwa kuwa amelala fofofo, na wengine humwonea wivu kwa usingizi wake huo. Ukweli ni kwamba sauti ile haielezi lolote kuhusu utamu wa usingizi. Inaeleza jambo moja tu, kwamba mahali fulani kati ya matundu ya pua na zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, njia ya hewa imekuwa nyembamba kupita kiasi, na nyama laini zilizopo hapo zinatetemeka hewa inapopita. Mahali hapo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana jirani anaweza kukuapia kwamba kulala ubavu kulimponya kabisa, nawe ukalala ubavu mwezi mzima bila mwenzako wa chumbani kuona nafuu yoyote.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linawezekana, inafaa kutazama jinsi koo lilivyoumbwa. Chini ya zoloto hewa hupita katika bomba linaloshikiliwa na vipande vya gegedu, nalo haliporomoki kwa urahisi hata mtu avute pumzi kwa nguvu. Juu ya zoloto hali ni tofauti. Koromeo ni mfuko wa misuli na nyama usio na mfupa wala gegedu la kuuzungushia ukuta imara, na hata ule mfupa mdogo wenye umbo la herufi U ulio juu ya zoloto, ambao ulimi umejishikiza kwake, haukuunganishwa na mfupa mwingine wowote mwilini, bali unaning'inia kwenye misuli na kano. Wanasayansi wengi wanaona kwamba ulegevu huu una faida yake, kwa kuwa koromeo refu linaloweza kubadili umbo haraka, pamoja na zoloto lililoshuka chini, humwezesha binadamu kutamka sauti nyingi za lugha. Mahali panapotusaidia kuzungumza mchana ndipo panapoleta kero usiku.

Mtu akiwa macho, ubongo huamuru misuli ya koromeo na ya ulimi ibaki imekaza kiasi, na njia hubaki wazi. Usingizi ukimchukua, amri hizo hupungua, na katika kipindi cha usingizi chenye ndoto nyingi misuli hulegea zaidi. Akiwa amelala chali, ulimi nao huvutwa na uzito wake kuelekea nyuma, huku kaakaa laini pamoja na kimio, kile kipande cha nyama kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa, vikishuka karibu na ukuta wa koromeo. Mapafu lakini bado yanadai hewa ileile, nayo hewa hulazimika kupita kwa kasi kubwa zaidi kwenye mwanya mdogo. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba kimiminika kinapoongeza kasi, kanieneo lake, yaani nguvu inayosukuma kuta zinazokizunguka, hupungua, na kanuni hiyo huihusu hewa pia. Kanieneo likipungua ndani ya koromeo, kuta zake laini huvutwa zikakaribiana, kama mrija wa karatasi uliokwisha kulowa soda unavyojibana mnywaji anapovuta kwa nguvu. Kisha huachia, hujibana tena, huachia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na mtetemo huo ndio mkoromo tunaousikia.

Kinachoufanya mwanya uwe mdogo hutofautiana. Kwa mmoja ni pua iliyoziba kwa mafua, kwa mzio wa vumbi, au kwa ukuta wa kati wa pua uliopinda, kwa hiyo hupumua kwa mdomo na kulifanya kaakaa lipepee. Kwa mwingine ni mafuta yaliyojikusanya shingoni na ndani ya ulimi wenyewe. Wapo watu wembamba wanaokoroma sana kwa sababu walizaliwa na taya la chini fupi, na ulimi wao umekosa nafasi ya kutosha mbele. Umri nao hulegeza misuli. Wanaume hukoroma kuliko wanawake, kwa sehemu kutokana na jinsi mafuta yanavyojikusanya zaidi sehemu ya juu ya miili yao, na kwa sehemu kutokana na homoni za kike, ambazo huonekana kuwakinga wanawake. Tofauti hiyo hupungua sana baada ya ukomo wa hedhi. Mjamzito aliyekuwa kimya miaka yote anaweza kuanza kukoroma katika miezi ya mwisho, kwa kuwa utando wa pua huvimba na uzito huongezeka. Kwa kuwa kukoroma kunakoanza katika ujauzito kumehusishwa na shinikizo la damu, jambo hili linastahili kutajwa kliniki badala ya kuchekwa nyumbani.

Swali ambalo wakoromaji hulipenda zaidi ni kwa nini wao wenyewe hawasikii. Ubongo uliolala huchuja sauti, na huruhusu kupita zile zinazoonekana kuwa ngeni au za hatari. Mkoromo wa mtu mwenyewe haumo katika kundi hilo. Mara nyingine humzindua kwa sekunde chache, lakini kuzinduka kufupi namna hiyo hakuachi kumbukumbu, naye asubuhi ataapa kwamba amesingiziwa. Mtu mmoja nchini Sweden alipimwa hospitalini mwaka 1993 akakutwa anafikisha desibeli 93, sauti ambayo mtu aliye macho asingeweza kuivumilia karibu na sikio lake usiku kucha.

Kabla ya kufika kwenye njia za kupunguza tatizo, ni lazima kusema jambo kuhusu kimio. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, wapo waganga wanaokata kimio, hasa cha watoto, kwa madai kwamba kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi kisichokoma, kutapika au kukonda. Kwa kuwa kimio kweli hutetemeka mtu anapokoroma, ni rahisi kudhani kwamba kukikata kutanyamazisha mkoromo pia. Dhana hiyo ni ya hatari. Kimio kina mishipa ya damu, na kukikata kwa kisu kisichotakaswa kumewafikisha watu hospitalini wakiwa wanavuja damu, wamepata maambukizi, au wameugua pepopunda. Isitoshe, hata katika vyumba vya upasuaji vyenye vifaa vyote matokeo si ya kujivunia sana. Upasuaji wa kupunguza kaakaa laini na kimio ulianza Japani, ukaenea Marekani baada ya mwaka 1981, na uzoefu umeonyesha kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu mwanzoni, kisha sauti hurudi baada ya miaka michache, kwa sababu kimio hakikuwa mahali pekee palipobana. Maoni yangu ni kwamba asiyejua anapobanwa hana sababu ya kukubali kukatwa chochote.

Kupajua mahali hapo huanza kwa uchunguzi mdogo wa nyumbani. Mwombe anayelala karibu nawe aangalie kama unakoroma ukiwa chali tu au hata ukiwa ubavu, na kama mdomo wako huwa wazi au umefungwa. Kisha simama mbele ya kioo, ziba tundu moja la pua kwa kidole, vuta hewa kwa lingine. Likijibana, au hewa ikipita kwa shida, pua inahusika. Hayo si vipimo vya daktari, lakini yanatosha kukuepusha na kununua kila kifaa kinachotangazwa.

Aliyezibwa pua hunufaika kwa kuisafisha kwa maji ya chumvi, kufua foronya na mashuka mara kwa mara ili kupunguza vumbi, kubandika plasta za kupanua matundu ya pua, au kutumia dawa ya mzio aliyoandikiwa. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani yasitumike zaidi ya siku chache mfululizo, kwa kuwa yakizoeleka pua huziba vibaya kuliko mwanzo. Anayekoroma akiwa chali tu ana bahati: ajifunze kulala ubavu. Njia ya zamani ya kushona mfuko nyuma ya fulana na kutia mpira wa tenisi ndani yake, ili akigeuka chali usingizini asumbuke na kurudi ubavu, inafanya kazi, ingawa wengi huichoka.

Pombe inahitaji kutajwa peke yake, maana wapo wanaoinywa wakiamini kwamba inawaletea usingizi mzuri. Pombe hulegeza misuli ya koromeo kuliko usingizi wenyewe unavyoilegeza, na hata asiyekoroma siku nyingine huweza kukoroma usiku wa sherehe. Dawa za kuleta usingizi nazo huweza kufanya vivyo hivyo. Anayetaka kujua kama pombe ndiyo chanzo chake aache kunywa jioni kwa wiki mbili, na majibu atayapata kwa wanaolala karibu naye. Uvutaji wa sigara huharibu kwa njia nyingine, kwa kuuwasha na kuuvimbisha utando wa pua na koo.

Kuhusu uzito, utafiti uliofuatilia watu wazima wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 huambatana na kupungua kwa matukio ya koo kubana usingizini kwa takriban asilimia 26. Si lazima, basi, mtu mnene awe mwembamba ndipo apate nafuu.

Lipo pia jambo ambalo huwashangaza watu wengi: misuli ya ulimi na koo inaweza kufanyishwa mazoezi. Watafiti wa Brazil waliwaelekeza wagonjwa wasukume ulimi dhidi ya kaakaa, waburute ncha yake kutoka nyuma ya meno kuelekea nyuma, na kutamka irabu kwa kuinua kaakaa, kila siku kwa miezi mitatu, na mkoromo ukapungua. Watafiti wa Uswisi walikwenda mbali zaidi: waliwafundisha wagonjwa kupuliza didjeridu, zumari refu la mti la wenyeji asilia wa Australia, na baada ya miezi minne waliojifunza walikuwa na usingizi mdogo mchana kuliko wenzao. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2006, ulipata mwaka 2017 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mazoezi ya ulimi hayagharimu chochote, na kinachowashinda wengi ni uvumilivu wa kuyarudia kila siku.

Kuna mkoromo, hata hivyo, usiopaswa kutibiwa nyumbani. Huu hukatika ghafla, kimya kikapita kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu akakurupuka akitweta na kuanza tena. Hapo koo limeziba kabisa, oksijeni imeshuka, na ubongo umelazimika kumzindua mwenye nao ili asikose hewa. Ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa si kawaida, na kuanzia mara 30 hali huitwa kali. Utafiti wa mwaka 1993, wa Wisconsin pia, uliwapima watu wa umri wa miaka 30 hadi 60 ukakuta kwamba asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walifikia kiwango hicho cha mara 5, na wengi wao hawakuwa wakijua. Wenye hali kali huamka na kichwa kinachouma, husinzia kikaoni na kwenye usukani, na wamo katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu lisilotii dawa na ya kiharusi. Dereva wa lori la masafa marefu anayekoroma hivi na kusinzia mchana anahitaji daktari wa masikio, pua na koo kabla ya safari nyingine.

Tiba iliyobadilisha maisha ya wagonjwa hao ilielezwa mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyeunganisha kipuliza hewa na barakoa ya pua ili kanieneo la hewa lenyewe lizizuie kuta za koo zisikutane. Mashine za namna hiyo leo ni ndogo kiasi cha kuwekwa kando ya kitanda, ingawa bei yake bado ni kikwazo kwetu. Kwa wenye tatizo la wastani madaktari wa meno huweza kutengeneza kifaa kinachosogeza taya la chini mbele.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, mara nyingi ana zile zinazoitwa nyama za puani, au mafindo makubwa, na kuviondoa hospitalini kwa kawaida ndiyo tiba ya kwanza. Tofauti na mtu mzima, yeye huenda asisinzie mchana. Huwa mtundu, hatulii darasani, na huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Watoto wenye selimundu hupata tatizo hili mara nyingi zaidi, na kushuka kwa oksijeni usiku ni hatari ya ziada kwao.

Na yeyote anayekoroma sana, akipangiwa upasuaji wa aina yoyote, hata wa mguu, amwambie mapema mtaalamu wa dawa za usingizi, kwa sababu dawa hizo hulegeza koo kuliko usingizi wa kawaida, na wahudumu wanaojua hilo huandaa vifaa vya njia ya hewa mapema na kumwangalia kwa karibu zaidi hadi azinduke.