Kufika kazini kila siku haimaanishe hana shida na pombe

Hapa kwetu Goma wengi tunaamini hivi: mulevi ni ule mwenye kulala kwa mutaro, mwenye kunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Rafiki mwenye kunywa bia tu, kazini anafika mapema, nyumbani analeta makuta, ule hana shida. Naelewa juu ya nini, ndio inaonekana kwa macho.

Lakini chupa kubwa ya bia, ile ya 72 cl yenye asilimia 5, iko na karibu gramu 28 za alkoli, ni kama glasi 3 ndogo za wiski. Na mwenye kumaliza tano bila kuyumba, si nguvu ile, ni mwili umezoea, na kuzoea yenyewe ni alama ya shida.

Rafiki yangu mumoja asubuhi alikuwa anashika kikombe cha chai na mikono mbili na bado inamwangika kwa meza, akishapita nganda, kule kwa kunywa pombe, mikono inatulia, na sisi miaka yote tulisema ni baridi.

Waganga wa lopitali wako na maswali 4, wanayatumia tangu miaka ya 1970: umeshawaza kupunguza? watu wakikusema unakasirika? unajilaumu juu ya kunywa? unakunywa asubuhi ili mwili utulie? Ndiyo mbili, muende muone munganga. Muulize mukiwa wawili, akiwa hajakunywa.

Na tafazali, kama anatetemeka usimukatie pombe mara moja, kuacha gafula kunaweza kuleta kifafa, hata kuua, afike lopitali kwanza.