Uzio wa nyumba Mbeya na Iringa: ya mtaani na ya kisheria

Ukinunua kiwanja Isyesye kule Mbeya au Kihesa kule Iringa, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kukizungushia ukuta, hata kabla ya kufikiria nyumba. Ushauri una maana, maana viwanja vilivyo wazi huvamiwa. Tatizo ni maneno ya dalali na fundi yanayofuatana nao. Inauma kuona ukuta uliojengwa kwa akiba ya miaka ukipigwa alama nyekundu ya X, yaani ubomolewe, kwa jambo ambalo ofisi ya ardhi ingelieleza asubuhi moja.

"Kibali ni cha nyumba, fensi unajenga tu."

Ndani ya eneo la mipango miji, ukuta wa tofali ni uendelezaji wa ardhi kama ilivyo nyumba, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini ya mamlaka ya mipango kabla ya kuanza. Mbeya, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Iringa mjini ni Manispaa. Unapeleka uthibitisho wa umiliki, mchoro wa ukuta wenyewe na mchoro unaoonyesha utakapokaa kiwanjani. Kama bado hujaomba kibali cha nyumba, mwambie mchoraji aingize uzio kwenye ramani hiyohiyo, usihangaike mara mbili.

"Mwenyekiti wa mtaa ameshanipa barua."

Barua hiyo inakutambulisha. Haikuruhusu kujenga.

"Barabara iko mbali na ukuta wangu."

Mbali kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi huumia. Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), hifadhi, yaani eneo la barabara lisilojengwa, ni mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Fundi wengi hupimia kutoka ukingo wa lami, na hapo tayari wamekosea. Kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007, kipimo kilichozoeleka kwenye barabara kuu kilikuwa mita 22.5, na wazee wengi bado wanakitaja. Aliyekuwa akimiliki kihalali ndani ya nyongeza hiyo, kati ya mita 22.5 na 30, kabla ya sheria kubadilika ana haki ya fidia eneo lake likitwaliwa. Anayeingiza ukuta humo leo hana cha kudai.

Barabara ya kwenda Tunduma inapita katikati ya jiji la Mbeya, na kwa Iringa inapita Ipogolo, kwa hiyo jambo hili si la watu wachache. Waliokuwa pembeni mwa upanuzi wa njia nne Mbeya wanajua umbali huo una maana gani.

Lakini usiibebe mita 30 kila mahali. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake umechorwa kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Kinjia kinachopitisha bajaji moja leo kinaweza kuwa kipana zaidi kwenye mchoro. Muulize afisa mipango miji akuonyeshe. Na geti likivuka mtaro wa barabara, kalavati lake linahitaji ridhaa ya mwenye barabara.

"Ukuta ukishasimama, ndio mpaka."

Mpaka wa kiwanja kilichopimwa ni bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima, zilizo kwenye ramani ya upimaji. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai, na kuizika chini ya zege ni kujitengenezea kesi. Lete mpima azifufue kabla ya kuchimba msingi, jirani akiwepo. Mkishindwana, baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

"Maji yatatafuta njia yake."

Huku kwetu ni milima, na mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukuta uliokatiza mteremko bila matundu chini unageuka bwawa. Maji yakijaa nyuma yake, tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo hazihimili, na mara nyingi ukuta huangukia upande wa jirani wa chini. Acha matundu, jenga mtaro ndani, usielekeze maji nyumbani kwa mtu. Kama ukuta unazuia udongo uliokatwa, huo si uzio tena. Mtafute mhandisi akupigie hesabu ya nondo na msingi. Kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60, kwa hiyo ukuta ulioshuka hadi ukingoni uko hatarini hata kama hati ni yako.

"Kijijini hakuna sheria."

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Michongoma au seng'enge ya kuzuia ng'ombe haina mlolongo wa mjini, ila njia ya kisimani au ya mifugo haifungwi na uzio wa mtu mmoja. Anza kwa mtendaji wa kijiji, na umwite jirani wa kila upande mkaoneshane mipaka.