Mtoto ana manjano halafu usingizi umegeuka? Usisubiri kukuche

Mama mmoja wa Mbagala alituletea binti yake wa miaka 7, macho ya njano, akasema dokta huyu siku ya tatu leo analala mchana kutwa, usiku yuko macho anaongea vitu havieleweki, jirani kasema malaria imepanda kichwani, bibi yake anasema mashetani. Nikampa mtoto kalamu aandike jina lake. Yuko darasa la pili, jina anaandika kila siku, lakini pale herufi zikawa zinapandiana akaishia katikati. Nikamwambia nyoosha mikono mbele kama unasimamisha bajaji, viganja vikawa vinapepea vyenyewe. Malaria tukapima, hana. Ni ini lilikuwa limegoma, na ubongo umeshaanza kuathirika.

Wazazi wenzangu, nawaomba sana mlielewe hili. Protini tunazokula zikisagwa tumboni inatokea amonia, ini ndo linaigeuza iwe yurea itoke na mkojo. Ini likigoma ghafla amonia inapanda hadi kwenye ubongo na ubongo unaweza kuvimba, na hapohapo sukari inashuka maana ini ndo ghala lake, damu nayo inashindwa kuganda ndo mana unaona fizi au pua zinatoka damu. Na inampata hata mtoto aliyekuwa mzima kabisa wiki chache nyuma.

Kwa watoto dalili za ubongo zinakuja kimyakimya. Hasira zisizo na sababu, hataki kucheza, anajibu taratibu, usingizi umegeuka. Kichanga yeye atalia tu habembelezeki, au anagoma kunyonya. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, anatapika. Ila manjano yanaweza kuchelewa, kwahiyo usikae kuyasubiria.

Sababu ziko nyingi, kuna homa ya ini A inayotokana na maji na chakula kichafu (watoto wengi wanapona, wachache ndo ini linagoma), kuna magonjwa ya kurithi, na dawa za kienyeji baadhi yake. Lakini inayoniumiza zaidi ni paracetamol, kwa sababu hii tungeweza kuizuia sisi wenyewe. Ni dawa nzuri ikipimwa. Mtoto wa kilo 10 anatoshwa na mililita 5 za ile sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5, unampa baada ya masaa 6, kwa siku isizidi mara 4. Sasa mtu homa haishuki anampa kidonge kizima cha mkubwa, miligramu 500 hiyo, baada ya masaa mawili anarudia, na juu yake sirapu ya mafua ambayo nayo ndani ina paracetamol. Ukigundua amezidishiwa njoo muda huohuo hata kama anacheza, kuna dawa ya kuilinda ini na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8.

Ukifika hospitali omba apimwe sukari, na kipimo cha kuganda damu kinaitwa INR. Hiki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana vimeng'enya vya ini (vitu ambavyo seli za ini zikiumia zinavimwaga kwenye damu) vinaweza kushuka ukafurahi kumbe seli zimekwisha hazina tena cha kumwaga, wakati INR inazidi kupanda, yaani damu inazidi kushindwa kuganda. Mtoto wa hivyo anatakiwa kulazwa sehemu yenye uangalizi wa karibu, sio kurudishwa nyumbani na glukosi.

Njiani usimpe dawa ya usingizi wala ya kumtuliza, akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mlaze ubavu. Na dawa zote alizotumia, chupa, vidonge, mpaka ile ya mganga, tia kwenye mfuko uje nazo, hatumgombezi mtu, tunataka tu kujua kameza nini na saa ngapi.