Begi la mgongoni halitaki maji ya moto

Hapa Kigoma begi likianza kunuka dagaa, ushauri ni ule ule: liloweke usiku kucha kwenye maji ya moto na jiki. Ndivyo mabegi yanavyoharibika. Mengi ni ya nailoni au poliesta, na ndani yamepakwa utando mwembamba wa kuzuia maji. Moto na jiki huubandua. Ukiona magamba yanayonata ndani ya mfuko, ndio huo.

Kung'uta mchanga kwanza, hasa kwenye meno ya zipu. Kisha maji ya baridi, sabuni ya mche (inatosha kabisa) na mswaki wa zamani. Sugua zaidi mikanda ya mabegani, maana jasho hujificha humo, dagaa wanasingiziwa tu. Suuza, lianike kichwa chini kivulini, zipu wazi. Jua kali nalo hudhoofisha nailoni.